Mirija ya puani, maski au CPAP: oksijeni ipi kwa mgonjwa yupi wa dharura

Lita unazosoma kwenye flomita zinaonyesha gesi inayotoka ukutani au kwenye mtungi. Hazionyeshi inayofika mapafuni. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kwa kasi ya lita 25 hadi 30 kwa dakika pale hewa inapoingia. Akibanwa na pumu kali, nimonia au maji yaliyojaa mapafuni, kasi hiyo hupita lita 60. Kifaa kinachomletea lita 4 tu humwachia pengo, naye hulijaza kwa hewa ya chumbani yenye oksijeni 21%.

Piga hesabu. Lita 4 za oksijeni safi ukizichanganya na lita 26 za hewa ya kawaida unapata mchanganyiko wa takriban 32%. Lita hizohizo 4 ndani ya pumzi ya kasi ya lita 60 zinashuka hadi 26%. (Majedwali ya vitabu huandika 36% kwa lita 4 za mirija kwa sababu kati ya pumzi moja na nyingine oksijeni hujikusanya nyuma ya pua. Anayehema mara 40 kwa dakika hana muda wa kuikusanya.) Kwa hiyo yule anayeihitaji zaidi ndiye anayeipata kidogo zaidi, kwa lita zilezile na kifaa kilekile. Kabla ya kushika flomita, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, tazama kama mbavu zinaingia ndani, msikilize kama anaweza kumaliza sentensi, kisha amua lengo la SpO2, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu inayosomwa na oksimita ya kidoleni. Kifaa kinachaguliwa baada ya hapo.

Malengo ni mawili kwa watu wazima walio wengi. Kwa mgonjwa wa kawaida ni 94 hadi 98%. Kwa mwenye COPD, yaani ugonjwa sugu unaobana njia za hewa, au yeyote anayeelekea kulimbikiza hewa ukaa, ni 88 hadi 92%. Mtoto mwenye dalili za hatari (kushindwa kupumua, shoku, degedege, kupoteza fahamu) apewe hadi afike 94% au zaidi; akishatulia, 90% na kuendelea inatosha.

| Kifaa | Lita kwa dakika | Oksijeni anayovuta | Mgonjwa anayefaa |
|---|---|---|---|
| Mirija ya puani | 1–4, hadi 6 kwa muda mfupi | takriban 24–40% | Anayehema kwa utulivu kiasi, mtoto, anayepunguziwa oksijeni |
| Maski ya kawaida | 5–10 | takriban 40–60% | Wa kati, pale mirija haitoshi na hana hatari ya hewa ukaa |
| Maski yenye mfuko | 10–15 | takriban 60–90% | Aliye mahututi: shoku, majeraha makubwa, sumu ya moshi |
| Maski ya Venturi | Iliyoandikwa kwenye vali | 24, 28, 31, 35, 40 au 60% | COPD na wengine wa lengo la 88–92% |
| Oksijeni ya kasi kubwa puani | 30–60, yenye joto na unyevu | 21–100% | Nimonia kali isiyotulia kwa maski |
| CPAP (mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo lisilokatika) | Hutegemea mashine | Hutegemea mashine | Maji mapafuni, mtoto anayechoka kupumua |

Mirija ya puani na maski ya kawaida

Mirija inashinda kwa jambo moja ambalo majedwali hayalionyeshi: mgonjwa haivui. Anakula, anakohoa, anajibu maswali, na haimpi hisia ya kuzibwa mdomo. Maski inayopaswa kumpa 50% ikiwa shingoni inampa 21%. Hata anayepumua kwa mdomo hufaidika na mirija, kwa sababu oksijeni hupita nyuma ya pua na kuvutwa pamoja na hewa ya mdomoni.

Kwa mtoto, mirija ndiyo ya kuanzia. Mtoto mchanga apewe nusu lita hadi lita 1, wa chini ya mwaka lita 1 hadi 2, mkubwa zaidi lita 1 hadi 4. Flomita ya watu wazima haigawanyi nusu lita vizuri, hivyo wodi inayopokea watoto wachanga inahitaji flomita ndogo ya kwake. Kuzidisha kwa mchanga hujaza hewa tumboni, tumbo linasukuma kiwambo, na kupumua kunazidi kuwa kugumu.

Mirija ikishindwa ghafla, sababu nyingi ni za kawaida kabisa: kamasi imeziba, mpira umechomoka kwenye chupa ya unyevu, mgonjwa ameulalia mpira, au vijiti vimewekwa vikitazama juu badala ya kupinda kufuata sakafu ya pua. Tumbukiza vijiti kwenye kikombe cha maji safi. Visipotoa mapovu, tatizo liko nyuma yake, fuata mpira hadi ukutani. Chupa ya unyevu si lazima kwa mtu mzima chini ya lita 4. Ukiitumia, maji yawe yaliyochemshwa au yaliyosafishwa kwa mvuke, na yabadilishwe kila siku. Chupa iliyokaa wiki nzima na maji yaleyale ni shamba la bakteria linalopuliziwa mapafuni.

Maski ya kawaida sina mengi ya kuitetea. Chini ya lita 5 mgonjwa huvuta tena hewa ukaa aliyoitoa mwenyewe, kwa kuwa gesi inayoingia haitoshi kuisukuma nje. Juu ya hapo inampa kiwango usichoweza kukitaja kwa uhakika. Idara yenye mirija, Venturi na maski yenye mfuko haitaikosa sana. Makosa yake makubwa ni mtu kuweka lita 2 kwenye maski akidhani "ni oksijeni kidogo". Ukitaka lita 2, tumia mirija.

Maski yenye mfuko: nguvu nyingi, ikivaliwa sawa

Hii ndiyo ya kumvalisha anayekufa mbele yako: majeruhi anayevuja damu, mwenye shoku ya sepsisi, aliyetoka kwenye moshi, mwenye SpO2 chini ya 85%. Mfuko hufanya kazi ya kuziba lile pengo la hesabu ya mwanzo. Wakati anatoa pumzi, oksijeni safi inajaa mfukoni. Anapovuta kwa kasi, anachota humo badala ya kuchota chumbani.

Utaratibu ni huu. Fungua oksijeni lita 15. Bonyeza kwa kidole vali iliyo kati ya maski na mfuko hadi mfuko ujae kabisa, kisha mvalishe, minya chuma cha puani, kaza mpira wa kichwani. Sasa angalia mfuko wenyewe. Unapaswa kulegea kidogo kila anapovuta na kujaa tena, usisinyae wote. Ukisinyaa, ongeza lita. Ukiwa haucheziki kabisa, maski inavuja pembeni na anavuta hewa ya chumbani. Kuvalisha maski hii kwa lita 5 au 6 ni hatari kuliko kutoivaa, maana vali zinazuia hewa ya nje na mfuko hauna kitu.

Mgonjwa akishatulia, shusha. SpO2 ya 100% huonekana nzuri kwenye chati lakini inaficha mambo: shinikizo la oksijeni kwenye damu linaweza kuporomoka kutoka 400 hadi karibu 100 mmHg bila namba ya kidoleni kuonyesha lolote. Utagundua mapafu yanaharibika saa kadhaa baada ya mwenzako ambaye mgonjwa wake yuko 95% kwa mirija.

Sumu ya kaboni monoksaidi haifuati kanuni hiyo. Oksimita ya kawaida huihesabu damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi kama damu yenye oksijeni, hivyo aliyetolewa kwenye chumba chenye jiko la mkaa anaweza kusoma 99% huku ubongo ukikosa hewa. Huyo anakaa kwenye maski yenye mfuko, lita 15, namba isome isomavyo. Akipumua hewa ya kawaida, sumu hupungua nusu kwa takriban saa 5. Kwa oksijeni ya karibu 100% muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu.

Venturi dhidi ya kila kitu kwa mwenye COPD

Hapa ndipo uchaguzi wa kifaa unapoua au kuokoa. Mwenye COPD amezoea kiwango cha chini cha oksijeni, na mapafu yake yamejipanga: mishipa ya damu inayopita sehemu zisizoingiza hewa vizuri imebanwa ili damu iende kwenye sehemu nzuri. Ukimmiminia oksijeni nyingi, mishipa hiyo inafunguka, damu inapita kusikopumua, na hewa ukaa haitolewi. Damu iliyojaa oksijeni nayo huachia hewa ukaa iliyokuwa imeibeba. Anaanza kusinzia, kichwa kinauma, viganja vinapigapiga akinyoosha mikono, na muuguzi anafurahi kwamba hatimaye "amelala". Utafiti wa Tasmania, Australia, uliochapishwa mwaka 2010, uliwagawa wagonjwa kama hao ndani ya magari ya wagonjwa: waliopewa oksijeni kwa kulenga 88 hadi 92% walikufa wachache sana kuliko waliopewa lita nyingi kwa maski.

Venturi inafaa kwa sababu kiwango chake hakitegemei pumzi ya mgonjwa. Oksijeni hupita kwenye tundu dogo kwa kasi na kuvuta hewa ya chumbani kwa uwiano maalumu. Vali ya 24% kwa lita 2 hutoa mchanganyiko wa jumla ya takriban lita 50 kwa dakika, kiasi kinachotosha pumzi nyingi. Rangi zinazotumika sana: buluu 24% kwa lita 2, nyeupe 28% kwa lita 4, rangi ya machungwa 31% kwa lita 6, njano 35% kwa lita 8, nyekundu 40% kwa lita 10, kijani 60% kwa lita 15. Viwanda vingine hubadilisha rangi, kwa hiyo soma namba iliyochapwa kwenye vali.

Kuongeza lita kwenye Venturi hakuongezi asilimia, bali jumla ya gesi. Anayehema zaidi ya mara 30 kwa dakika aongezewe nusu ya lita zilizoandikwa ili mkondo umtoshe. Ukitaka asilimia zaidi, badilisha vali. Na angalia shuka: blanketi likifunika matundu ya vali, hewa ya chumbani haiingii, 28% inapanda bila mtu kujua. Vali ya 60% ndiyo dhaifu kuliko zote, kwani jumla yake ni lita 30 tu, hivyo anayehema kwa nguvu atachota pembeni.

Huna Venturi? Mirija kwa lita 1 hadi 2, ukikaa naye karibu na oksimita. Dawa ya mvuke ya kufungua njia za hewa isukumwe kwa hewa ya kawaida, huku mirija ikibaki puani. Ikibidi kusukumwa kwa oksijeni, isizidi dakika 6 kila mara. Ukimkuta tayari amezidishiwa na anasinzia, usiing'oe oksijeni ghafla. Hewa ukaa iliyojaa kwenye vifuko vya mapafu itachukua nafasi ya oksijeni na SpO2 itaanguka chini ya pale alipoanzia. Mshushe hadi Venturi ya 28 au 35%, fuata 88 hadi 92%, pima gesi za damu kama maabara inaweza.

Kama hujui ana COPD? Umri zaidi ya miaka 50, kuvuta sigara au kupikia kuni kwa miaka mingi, kukosa pumzi kwa muda mrefu hata siku asizoumwa: mchukulie kuwa nayo. Ila aliye mahututi kabisa asinyimwe oksijeni kwa hofu hiyo. Ukosefu wa oksijeni huua kwa dakika, hewa ukaa kwa saa.

CPAP au kasi kubwa puani

Maski yenye mfuko kwa lita 15 ikishindwa kumfikisha 90%, asilimia peke yake imeshindwa. Vifuko vya mapafu vimejikunja au vimejaa maji, na damu inapita bila kukutana na hewa. Sasa unahitaji shinikizo.

Kwa maji yaliyojaa mapafuni kutokana na moyo, CPAP ya sentimita 5 hadi 10 za maji ndiyo chaguo langu la kwanza. Inafungua vifuko na kupunguza damu inayorudi kwenye moyo uliochoka. Sababu hiyohiyo hushusha presha, basi pima kila dakika 5 mwanzoni. Kwa COPD yenye damu iliyokuwa na asidi (pH chini ya 7.35 na hewa ukaa juu ya 45 mmHg licha ya dawa), CPAP haitoshi, anahitaji mashine ya shinikizo mbili, la kuingiza pumzi na la kutoa, kwa kuwa tatizo ni kutoa hewa ukaa. Kwa nimonia yenye pumzi za haraka, oksijeni ya kasi kubwa puani huvumiliwa vizuri kuliko maski ya kubana.

Kikwazo ni gesi. Lita 60 kwa dakika kwa 100% humaliza mtungi wa lita 6,000 ndani ya dakika 100. Kituo kinachotegemea mitungi kisiianze bila kujua mtungi wa pili uko wapi.

Kwa watoto kuna CPAP ya mapovu. Ncha ya mpira wa kutolea hewa inazamishwa majini, na kina chake kwa sentimita ndicho shinikizo. Anza na 5 au 6. Mapovu yakikoma, mirija imevuja au mdomo uko wazi.

Usimvalishe CPAP anayetapika, asiye na fahamu ya kulinda koo lake, aliyevunjika uso, au mwenye hewa iliyonaswa kifuani nje ya pafu ambayo haijatolewa. Shinikizo litaibana hewa hiyo hadi moyo ushindwe kujaa.

Mgonjwa anayehema mara 8 kwa dakika, au aliyekuwa akihema mara 45 na sasa amepungua huku akisinzia, hayuko kwenye orodha hii ya vifaa. Hana pumzi ya kupeleka oksijeni. Chukua ambu begi (mfuko unaobonyezwa kwa mkono kumpulizia mgonjwa) yenye mfuko wa akiba, lita 15: mtu mzima pumzi moja kila sekunde 6, mtoto kila sekunde 2 hadi 3, ukibonyeza kwa sekunde moja hadi kifua kiinuke tu. Kubonyeza haraka hujaza tumbo, naye atatapika. Wakati huo mwenzako anaandaa mrija wa koo.

Asiyehitaji, na namba inayodanganya

Mwenye shambulio la moyo au kiharusi na SpO2 nzuri hafaidiki na oksijeni. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2017 ulifuata wagonjwa 6,629 waliodhaniwa kuwa na shambulio la moyo wenye SpO2 ya 90% au zaidi, na oksijeni haikupunguza vifo. Aliyekunywa paraquat, dawa ya kuua magugu, ni kisa cha pekee: oksijeni huchochea sumu hiyo kuchoma mapafu, na huanza kupewa tu akishuka chini ya 85%.

Oksimita nayo iangaliwe kabla ya kuaminiwa. Mapigo inayoonyesha yalingane na unayoyahesabu kwenye mkono. Kidole cha baridi, rangi ya kucha, kutetemeka na presha ya chini huiharibu. Kwenye ngozi nyeusi husoma juu kuliko ukweli, wakati mwingine kwa pointi kadhaa, hivyo 92% ya mgonjwa anayehangaika isikutulize. Namba iliyoganda karibu na 85% bila kubadilika kwa oksijeni yoyote inakuambia ufikirie damu iliyobadilika kwa dawa au kemikali.

Mtungi au konsentreta

Konsentreta hutoa lita 5 au 10 za oksijeni ya takriban 93%, haina cha kwisha ilimradi umeme upo na kichujio kinaoshwa kila wiki. Inatosha mirija na Venturi za chini. Ya lita 5 haiwezi maski yenye mfuko, na shinikizo lake ni dogo mno kwa mashine nyingi za kupumulia. Mtungi ndio wa mahututi na wa safari.

Kabla ya kumhamisha mgonjwa, zidisha ujazo wa mtungi kwa presha: mtungi wa lita 10 wenye bar 150 una lita 1,500. Kwa lita 10 kwa dakika ni dakika 150. Ikiwa safari ni ya saa mbili, toa akiba ya foleni na uone kama unathubutu. Usipake mafuta kwenye regyuleta wala mafuta ya mgando puani, na ukishtua moyo kwa umeme, sogeza oksijeni mita moja kutoka kifuani.

Kushusha

SpO2 ikikaa ndani ya lengo kwa saa kadhaa, punguza hatua moja: maski yenye mfuko kwenda mirija lita 4, kisha 2, kisha 1. Subiri dakika 5 baada ya kila badiliko kabla ya kuandika namba. Ukiitoa kabisa, pima baada ya dakika 5 na tena baada ya saa moja, akiwa amekaa na akiwa ametembea hadi chooni.